Kuchora bahari uliyoisafiria: mbinu za Van Gogh, hatua kwa hatua

Nunua kibua mbichi asubuhi, akiwa bado anang'aa. Mweke kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha, kisha umgeuze polepole. Mgongo ni wa kijani, lakini ukimsogeza kidogo kijani kinaingia buluu, na buluu ile ile kwenye pembe nyingine inakuwa zambarau. Ubavuni kuna fedha, na ndani ya fedha kunapita waridi ambalo ukilikodolea macho halipo tena.

Mwaka 1888 mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliiona bahari ya Mediterania kwa mara ya kwanza, akamwandikia mdogo wake Theo kwamba rangi yake ni kama ya samaki huyu. Makreli wa huko ni wa ukoo mmoja na kibua wetu. Alimweleza kuwa hujui kama ni kijani au zambarau, na hata buluu huna hakika nayo, kwa sababu sekunde inayofuata mng'ao umeshageuka waridi au kijivu. Nimesoma mengi kuhusu kuchora maji, na sijaona maelezo yanayomsaidia mchoraji kuliko hayo. Mwongozo huu wote umejengwa juu yake.

Kwanza safari yenyewe, kwa ufupi, maana mbinu zilitoka humo. Van Gogh alikuwa akiishi Arles, kusini mwa Ufaransa. Mwishoni mwa Mei 1888 alipanda gari la farasi, akavuka nyanda za mabwawa za Camargue hadi kijiji cha wavuvi cha Saintes-Maries-de-la-Mer, akakaa siku chache tu, kama 5 hivi. Alirudi na picha tatu za rangi, mbili za bahari na moja ya kijiji, pamoja na michoro ya wino ambayo baadaye aliifanyia kazi nyumbani. Moja ya zile mbili za bahari iko Amsterdam kwenye jumba la makumbusho lenye jina lake, na nyingine iko Moscow, makumbusho ya Pushkin.

Leo Van Gogh huhesabiwa kuwa mchoraji wa posti-impreshonizimu, lakini jina hilo yeye hakulijua. Lilibuniwa na mhakiki wa sanaa Mwingereza Roger Fry mwaka 1910 kwa ajili ya maonyesho ya London, na Van Gogh alikuwa ameshafariki miaka 20 nyuma. Maana yake kwako wewe mwenye brashi ni hii: wachoraji wa impreshonizimu walikimbizana na mwanga wa dakika ile ile. Waliowafuata waliuchukua mwanga huo, kisha wakajipa ruhusa ya kukoleza rangi, kunyoosha mstari na kupunguza vitu, ili picha iseme walichokiona na walichokihisi kwa pamoja. Hutanakili bahari. Utaisoma vizuri, halafu utaamua.

Hatua ya 1: Nenda, ukakae

Miaka yangu ya mwanzo nilichora bahari kwa kutazama picha za simu. Zote zilitoka buluu moja, bapa kama ukuta uliopakwa rangi. Simu hupima mwanga, ikausawazisha, na yale mabadiliko ya kibua yakapotea humo. Kwa hiyo nenda mwenyewe, na usiende kwa saa mbili. Siku tatu ni kiasi cha chini. Siku ya kwanza utachora kile unachodhani bahari ilivyo, siku ya pili utachoka, na siku ya tatu ndipo utaanza kuona.

Jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havikuambii: Mediterania karibu haina kujaa na kupwa. Pale Saintes-Maries tofauti ya maji haifiki hata nusu mita, kwa hiyo Van Gogh aliweza kukaa mahali pamoja na ufuo ukamsubiri. Huku kwetu mambo ni mengine kabisa. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na pale Bagamoyo ninapochorea, ukianza na mashua zinaelea, baada ya saa sita unamaliza na mashua zimelala ubavu kwenye tope. Angalia jedwali la maji kabla ya kwenda, au muulize mvuvi yeyote. Saa moja kabla ya maji kujaa kabisa na saa moja baada yake ndiyo muda wako wa picha ya rangi, kwa sababu maji hapo hayana haraka. Maji yakitoka, chora wino.

Angalia na upepo. Kusi huleta mawimbi mafupi yenye kuvunjika na anga yenye mawingu yanayokimbia. Kaskazi huleta siku za mwanga mkali ambazo bahari ya mbali inakuwa nyepesi kuliko anga. Usichanganye misimu hiyo miwili katika picha moja. Mtu wa pwani atajua mara moja.

Hatua ya 2: Chonga kalamu ya tete

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Van Gogh alipokuwa Arles alichora kwa kalamu za matete aliyoyakata kwenye mifereji ya huko. Kwetu sisi si kitu kigeni. Neno kalamu tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni tete hasa. Waliozinakili tenzi kule Lamu na Pate waliandika kwa kalamu za namna hii.

Tafuta tete kavu lenye unene wa kidole chako cha mwisho, likate urefu wa sentimita 18 hivi. Kwa kisu kikali, kata ncha moja kwa mshazari mrefu, kama sentimita 3. Kwangua nyama laini ya ndani mpaka ubaki na ganda gumu. Punguza mabega pande zote mbili ili ncha iwe nyembamba, halafu ipasue katikati ufa mdogo usiozidi sentimita moja. Mwisho laza ncha juu ya kipande cha mbao ngumu na uikate kwa mkato mmoja tu. Ukikata mara mbili inachanika. Mimi huchonga tatu kila safari: nyembamba, ya kati, na moja pana kama njiti ya kiberiti.

Chovya kwenye wino mweusi uanze. Utagundua kwamba tete halishiki wino mwingi. Mistari michache tu, limekauka. Ndiyo maana michoro ya Van Gogh imejaa vistari vifupi, nukta na mikato: tete lilimfundisha. Mchanga ukawa nukta, majani yakawa mikato ya kusimama, maji yakawa vistari vya kulala vinavyokuwa vifupi na vya karibukaribu kadiri yanavyoelekea kwenye upeo. Usipambane na kalamu yako. Inapokauka, acha mstari ufifie, kisha chovya tena.

Chora haraka. Van Gogh aliwahusudu wachoraji wa Kijapani kwa mkono wao mwepesi, na akiwa pale ufukweni alianza kuchora bila ile fremu ya nyuzi ambayo alizoea kuitumia kupimia umbali. Michoro 10 ya dakika 10 ina faida kubwa kuliko mmoja wa saa mbili.

Hatua ya 3: Andika rangi kwa maneno

Kwenye mchoro wa mashua aliompelekea rafiki yake Émile Bernard, Van Gogh aliandika majina ya rangi juu ya mchoro wenyewe. Fanya hivyo hivyo. Usiandike "buluu", haitakusaidia ukifika nyumbani. Andika linganisho: "hapa kama mgongo wa kibua", "hapa kama chai ya maziwa", "hapa kama embe bichi lililokatwa". Kiswahili kimejaa rangi zinazotokana na vitu, kama urujuani, zambarau, samawati, waridi, kahawia na rangi ya udongo. Tumia hazina hiyo bila haya.

Gawa bahari vipande vitatu, kila kimoja ukiandikie rangi yake. Kipande cha karibu, pale maji yanapopanda mchanga, mara nyingi hakina buluu hata kidogo. Ni rangi ya mchanga uliolowa ikichanganyika na kijivu cha anga. Kipande cha katikati ndipo kijani kinapokaa. Cha mbali ndicho chenye buluu nzito, na juu kabisa kwenye upeo pana ukanda mwembamba ambao hubadilika kila nusu saa. Siku moja niliuandika ukanda huo mara 5 tangu alfajiri: kijivu, waridi, samawati hafifu, buluu nzito, zambarau. Ukanda ule ule.

Usiku pia toka, pakiwa salama. Van Gogh alitembea peke yake ufukweni usiku, akaandika kuhusu anga ya buluu nzito yenye mawingu ya buluu nzito zaidi, na nyota za kijani, za manjano, nyeupe na za waridi. Hapo utajifunza kwamba weusi wa usiku ni rangi iliyokolea tu.

Hatua ya 4: Kitambaa na rangi

Kanvasi ya dukani ni ghali, na si lazima. Kitambaa cha marekani kizito kinafaa sana. Kifue na maji ya moto kitoe wanga, kikaushe, kivute juu ya fremu ya mbao na ukipigilie misumari midogo ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, halafu mikono miwili ya jesso, ile rangi nyeupe ya kutayarishia kitambaa, ukipiga msasa laini katikati. Usiruke gundi na jesso kama unatumia rangi za mafuta, kwa sababu mafuta yakigusa uzi moja kwa moja huuozesha. Saizi nzuri ya kubeba ni sentimita 50 kwa 64, ambayo ni karibu sawa na ile picha ya Amsterdam.

Rangi za mafuta zinafaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu zinabaki mbichi na unaweza kuweka rangi juu ya rangi. Akriliki kwenye upepo wa pwani hukauka ukiwa bado unafikiri. Kama ndiyo uliyonayo, nyunyizia maji sahani yako kila mara. Rangi za mng'aro za kopo, zile za Tingatinga, ni nzuri kwenye ubao kwa mistari safi, lakini hazisimami nene, na hapa tunataka unene.

Chukua chache: nyeupe ya titani, manjano ya limau, nyekundu moja ya nguvu, buluu ya ultramarini, buluu ya kobalti ukiimudu, kijani cha viridiani na okra, yaani manjano ya udongo. Soma namba ndogo kwenye tyubu: ultramarini halisi ni PB29, kobalti ni PB28, viridiani ni PG18. Jina la mbele ya tyubu linaweza kudanganya, namba haidanganyi. Van Gogh mwenyewe alipata hasara upande huu. Nyekundu yake moja, iliyotengenezwa kwa eosini, rangi ya kiwandani, imefifia sana kwenye picha zake, kiasi kwamba baadhi ya zambarau zake leo tunaziona buluu. Kwa rangi usiyoijua, paka mstari kwenye karatasi, funika nusu yake kwa kadibodi, acha dirishani juani mwezi mmoja. Ukifunua ukaona tofauti, usiinunue tena.

Hatua ya 5: Upeo na mgawanyo

Mstari wa upeo uko daima usawa wa macho yako. Ukikaa mchangani unashuka, ukisimama unapanda. Amua mapema na usibadilishe, maana ukianza umekaa na ukamaliza umesimama, mashua zako zitaonekana zinateleza. Upime kwa rula kutoka ukingo wa juu, kushoto na kulia, upate namba moja. Mkono unaweza kutetemeka kwenye kila kitu kingine, lakini upeo ukiinama bahari yote inamwagika.

Usiuweke katikati. Kwenye picha ya Saintes-Maries bahari imepewa zaidi ya nusu ya kitambaa, na mashua zenye tanga zimesukumwa juu, ndogo, ili maji yawe ndiyo habari yenyewe.

Hatua ya 6: Wimbi, kwa kisu

Hapa punguza mwendo. Tazama wimbi moja likija, usitazame bahari. Kabla halijavunjika mdomo wake unakuwa mwembamba, na jua likiwa nyuma yake linapenya. Pale tu, kwa nusu sekunde, maji yanakuwa kijani chenye manjano, angavu kuliko kitu chochote kilicho karibu. Chini ya mdomo huo pana kivuli cha zambarau iliyokolea. Juu yake povu, na povu si jeupe: ni jeupe pale jua linapopiga, kwingine ni kijivu cha urujuani.

Van Gogh alipaka mawimbi hayo kwa kijani na manjano pamoja na buluu na nyeupe, na alitumia kisu cha rangi badala ya brashi. Fuata hivi. Paka kwanza bahari yote kwa brashi, rangi nyepesi, buluu na kijani vikiingiana, vistari vya kulala. Changanya viridiani, manjano ya limau na nyeupe bila kuongeza mafuta, iwe nzito kama siagi iliyokaa kivulini, na usiichanganye mpaka iwe moja: acha mishipa ya manjano ionekane. Chukua kidogo kwa ukingo wa kisu. Laza kisu juu ya kitambaa kwa pembe ndogo, vuta mara moja kufuata mwendo wa wimbi, inua. Mara moja tu. Rangi itaacha ukingo mkali upande mmoja na upande wa pili itafifia ndani ya buluu ya chini, na ukingo huo mkali ndio utakaoshika mwanga wa chumbani baadaye kama maji yanavyoushika.

Ukirudia juu ya mkato huo utapata tope. Basi kwangua, futa, weka upya. Kukwangua si kushindwa. Agosti 1882, Van Gogh akichora bahari kule Scheveningen, Uholanzi, upepo ulimjazia mchanga kwenye rangi mbichi hadi akalazimika kuikwangua yote, mara mbili, na chembe za mchanga bado zimo ndani ya picha hiyo hadi leo. Zikikuingia na wewe, ziache.

Hatua ya 7: Mashua, nyumbani

Mashua hazikungoji. Wavuvi wa Saintes-Maries waliondoka alfajiri sana, kwa hiyo Van Gogh alizichora kwa wino asubuhi ya kuondoka kwake, kwa muda wa saa moja tu, na picha ya rangi akaifanya baada ya kurudi Arles. Zile mashua ndogo za kijani, nyekundu na buluu zilimkumbusha maua.

Kwa hiyo mashua chora pale, rangi weka kwako. Anza na mkunjo wa mkuku, uti wa chini wa chombo, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) kwa mstari mmoja. Ukiupata, kila kitu kingine kitakaa juu yake. Ngalawa ina mirengu, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, na kosa la kawaida ni kuichora mirengu ikiwa sambamba na maji wakati chombo kimelala mchangani. Mlingoti na foromali, mti unaoshika tanga, vifuate. Nyumbani paka kila ubao rangi yake bapa, bila kivuli kingi, kisha uuzungushie mstari mweusi au wa buluu nzito, jinsi michapisho ya Kijapani inavyofanya. Bahari nyuma yake ibaki na mikato. Ubapa mbele na mtikisiko nyuma hufanya mashua isimame.

Usisahau jina la chombo. Kwenye picha ya Van Gogh mashua moja imeandikwa Amitié, yaani urafiki. Zetu zina majina mazuri kuliko ya mahali popote ninapopajua. Liandike kama mwenye chombo alivyoliandika.

Hatua ya 8: Nyekundu moja

Picha ikikaribia kwisha utaona kijani na buluu zimelala. Hapo inahitajika nyekundu, kidogo sana. Van Gogh aliiweka kwenye saini: jina Vincent, jekundu la kupiga kelele, kwenye kona ya chini ndani ya maji, na alieleza wazi kwamba alitaka nukta nyekundu ndani ya kijani. Rangi zinazokabiliana huamshana: nyekundu na kijani, chungwa na buluu, manjano na zambarau. Kama si saini, iwe kanga ya mama anayesubiri samaki, au boya. Moja yatosha. Kabla ya kuiweka, kata kipande cha karatasi nyekundu, kisogeze juu ya picha huku na huku, simama mbali hatua 5, na utaona mahali panapokubali.

Kukausha

Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike pembeni. Yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje mpaka yakauke kabisa, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Picha nene ya mafuta huchukua wiki nyingi, na wakati wa masika hata miezi. Iweke penye hewa, mbali na ukuta wenye unyevu; yangu moja ilipata ukungu mgongoni kwa kuegemezwa ukutani mwezi wa nne, na kitambaa kikalegea. Ikiwa kavu juu, bonyeza ukingo wa wimbi nene kwa ukucha. Ukibonyea, bado. Vanishi isubiri angalau miezi 6. Na usiifungie kabatini ikisubiri, kwa kuwa mafuta ya kitani yakikosa mwanga hugeuka manjano na kijani chako cha wimbi kitazeeka kabla ya wakati. Iache chumbani, mkabala na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, uitazame asubuhi, mchana na jioni inavyobadilika.